Mto Rufiji na Hesabu ya Matawi Yake

Mwanafunzi wa shule ya sekondari iliyo katikati ya jiji la Dar es Salaam, akiulizwa mto wa mji wake ni upi, kwa kawaida hujibu kuwa ni Msimbazi, kwa sababu huuona pale Jangwani ukifurika wakati wa masika. Aliye makini zaidi hutaja Ruvu, kwa kuwa anajua kwamba sehemu kubwa ya maji ya bomba hutoka huko. Majibu yote mawili ni sahihi. Lakini uko mto wa tatu, ambao hauonekani kutoka Magogoni wala Kariakoo, ambao humlisha na kumwangazia mkazi wa jiji hili kila siku bila yeye kuutia maanani. Mto huo ni Rufiji.

Ushahidi wa jambo hilo si lazima uende kutafutwa Utete. Umo sokoni. Mchele unaouzwa katika maduka ya Kariakoo kwa jina la Mbeya hutoka kwa kiasi kikubwa katika mashamba ya Mbarali, kwenye uwanda wa Usangu. Ule uitwao wa Ifakara hutoka katika bonde la Kilombero. Na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinajulikana na kila mpishi. Ukiteremka hadi Magogoni, katika soko la samaki, utakuta kamba waliovuliwa katika delta ya Rufiji na maji ya Mafia. Hata nyumba za zamani za mji huu zilijengwa kwa boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi kutoka delta hiyo hiyo, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti. Juu ya hayo yote kuna umeme. Soko Kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Na mwaka huo huo mitambo ya Kidatu ilianza kuzalisha umeme kwa maji ya Ruaha Mkuu.

Kwa hiyo yafaa kuuliza ni nini hasa kinachofundishwa kuhusu mto huu. Katika ramani nyingi za ukutani Rufiji huchorwa kama mstari mmoja mnene wa buluu unaoingia baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia, na nyuma yake kuna vistari vyembamba vilivyoandikwa majina kwa herufi ndogo. Mwanafunzi hukariri: matawi ya Rufiji ni Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Akiyataja yote matatu hupata alama zote. Wala haulizwi lipi linaleta maji mengi, lipi linaleta machache, na kwa sababu gani. Kasoro hii si ndogo, maana inamfundisha kuamini kwamba mto ndio ule mstari mnene, ilhali mstari mnene haupo mpaka vile vyembamba viwepo.

Kwa kweli jina la Rufiji lenyewe huanzia mahali Kilombero na Luwegu zinapokutana, karibu na maporomoko ya Shuguli. Ruaha Mkuu hujiunga baadaye, kabla ya kufika korongo la Stiegler. Mto hauna chemchemi iitwayo Rufiji; hakuna mahali ambapo mtu anaweza kusimama mlimani akasema, hapa ndipo Rufiji unapozaliwa. (Lugha nayo huchanganya kidogo. Neno tawi hutumika kwa mikono inayoleta maji mtoni na pia kwa ile inayoyagawa kwenye delta, ingawa kazi zake zinapingana. Katika makala haya tawi ni lile linaloleta.)

Sasa hesabu. Bonde zima la Rufiji lina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Katika eneo hilo, bonde la Ruaha Mkuu huchukua asilimia 47 hivi, Kilombero asilimia 23, Luwegu asilimia 15, na zilizobaki ni za Rufiji ya chini. Mtu akikisia kwa kufuata ukubwa wa ardhi atasema kwamba Ruaha Mkuu, kama jina lake linavyodai, ndio unaoleta maji mengi kuliko mengine. Atakuwa amekosea sana. Kilombero huleta karibu asilimia 62 ya maji ya mto. Luwegu asilimia 18. Na Ruaha Mkuu, wenye karibu nusu ya bonde zima, huleta asilimia 15 tu. Mwanafunzi akigawanya asilimia za maji kwa asilimia za eneo, ataona kwamba kilometa moja ya mraba ya bonde la Kilombero hutoa maji zaidi ya mara nane kuliko kilometa moja ya mraba ya bonde la Ruaha. Ukuu wa Ruaha ni wa safari na wa eneo. Si wa maji.

Sababu yake imesimama wima kati ya mabonde hayo mawili, nayo ni milima ya Udzungwa. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zinapofika hapo hulazimika kupanda. Hewa inayopanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke wote iliokuja nao. Mvua basi hunyesha kwa wingi upande wa mashariki na kusini, juu ya misitu inayomimina vijito vyake Kilombero. Pepo zikishavuka kilele huteremka zikiwa zimekauka, na nchi iliyo nyuma ya mlima, kuelekea Usangu, Mtera na mpaka wa Dodoma, hupata mabaki. Somo la mvua za milimani hufundishwa katika kila kidato kwa mchoro wa mlima usio na jina. Ingefaa mlima huo upewe jina la Udzungwa, na pande zake mbili ziandikwe Kilombero na Ruaha. Na mwanafunzi wa Kariakoo angeelewa mara moja kwa nini mchele wa Ifakara hulimwa zaidi kwa mvua na mafuriko, na ule wa Mbarali kwa mifereji.

Ajabu ni kwamba lile tawi lenye maji machache ndilo lililopewa kazi nyingi kwanza. Ruaha Mkuu hukusanya vijito vya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera katika uwanda wa Usangu, hupita katika ardhi oevu ya Ihefu, huvuka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hupokea Ruaha Mdogo unaotoka Iringa na Kisigo unaotoka kaskazini, kisha huingia bwawa la Mtera. Bwawa hilo lilijengwa ili kuhifadhi maji ya masika kwa ajili ya kituo cha Kidatu kilicho mbele yake, chenye uwezo wa megawati 204. Baadaye, mwaka 1988, Mtera penyewe pakaanza kutoa megawati 80. Kwa miaka mingi taa za Dar es Salaam zilitegemea kwa kiasi kikubwa tawi hili moja, tena tawi linalopita katika nchi kame.

Mtera pia ni somo la mvukizo. Likijaa, bwawa hilo lina eneo la takriban kilometa za mraba 600, nalo halina kina kikubwa. Katika nchi yenye jua kali kama ile, maji yaliyo wazi yanaweza kupoteza karibu mita 2 za kina kwa mwaka kwa kuvukizwa. Zidisha: mita 2 kwa kilometa za mraba 600 ni mita za ujazo bilioni 1.2. Ni kweli kwamba bwawa halibaki limejaa mwaka mzima, na eneo hupungua kadiri maji yanavyopungua, kwa hiyo hasara halisi huwa ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo ni hasara ambayo haichukuliwi na mkulima wala mfugaji yeyote. Huchukuliwa na jua.

Hilo lasemwa kwa sababu lawama za ukosefu wa umeme zimekuwa zikielekezwa mahali pamoja tu. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakabanwa katika madimbwi, na jambo hilo likawahuzunisha watu wengi, kwa haki kabisa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 jiji liliingia katika mgawo wa umeme, na mwaka 2006 mgawo ukawa mkali kupita kiasi. Watu waliyaunganisha mambo hayo mawili: mto umekauka, taa zimezimika, basi aliyekausha mto ndiye aliyezima taa. Mwaka 2001 Serikali iliahidi kuurudishia mto mtiririko wa mwaka mzima ifikapo 2010; mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao; na mwaka 2008 eneo la Ihefu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha.

Je, hoja hiyo ilikuwa sawa? Uchunguzi uliofanywa Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambamo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walishiriki, ulionyesha kwamba ndani yake mlikuwa na mambo mawili tofauti yaliyochanganywa. Maji yanayochepushwa mashambani wakati wa kiangazi ni machache kwa ujazo, lakini wakati huo ndiyo yote yaliyopo. Ukiyachukua, mto hukauka. Ila maji yanayojaza Mtera hayaji wakati wa kiangazi. Huja wakati wa mvua. Kwa hiyo mfereji unaoachwa wazi mwezi wa Oktoba unaweza kumwua kiboko na usiwe ndio uliozima taa ya Kariakoo. Na namna mabwawa yanavyoendeshwa, yaani kiasi gani kinafunguliwa mwezi upi, ni swali linalostahili kuulizwa kabla ya kumhamisha mtu na ng'ombe wake. Watu waliondolewa nyumbani kwao kwa hoja ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu angeweza kuipima, kama angefundishwa kutenganisha ujazo na majira.

Wala haina maana kwamba kilimo hakigharimu kitu. Hugharimu, na gharama yake inaweza kupimwa. Kwa wastani, kilo moja ya mpunga wa majaruba huhitaji takriban lita 2,500 za maji, zikiwemo za mvua na zinazozama ardhini. Gunia la kilo 100 basi ni mita za ujazo 250. Tuseme maji hayo yangeweza kufika yote Kidatu. Hapo huanguka kwa kimo cha takriban mita 175. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1,000. Zidisha kwa mvutano wa dunia na kwa kimo, kisha ukate sehemu inayopotea mitamboni, utapata kama uniti 0.43 za umeme. Gunia zima ni uniti 107 hivi. Taa ya kisasa ya wati 10, ikiwashwa saa 5 kila usiku katika duka la Mtaa wa Msimbazi, ingewaka kwa umeme huo kwa karibu miaka 6. Hesabu hii ni ya juu mno, kwa sababu sehemu ya maji ya shambani hunyesha hapo hapo, na sehemu nyingine hurudi mtoni. Lakini upande mwingine ni ya chini mno, kwa kuwa maji ya Usangu yanapita kwanza Mtera kabla ya Kidatu, na siku hizi yakishatoka Kidatu yanaingia tena bwawa la tatu. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa jiografia wakikaa pamoja wataona kwamba hapa kuna kazi ya majuma mawili.

Kimo ndicho kinachofanya kijito cha Kihansi kiwe na nguvu kupita umbo lake. Ni tawi dogo linalotoka Udzungwa na kuishia Kilombero, lakini maji yake hushuka mita 850 hivi, na mita moja ya ujazo hapo hutoa kama uniti 2, karibu mara tano ya Kidatu. Kituo chake cha megawati 180 kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, na kuyapunguzia maji ya Ruaha mzigo. Kilikuwa na gharama yake. Katika manyunyu ya maporomoko hayo aliishi chura mdogo, aliyegunduliwa mwaka 1996, ambaye hakuwapo mahali pengine popote duniani. Manyunyu yalipopungua na ugonjwa wa ukungu ulipomfikia, alitoweka, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa hayupo tena porini. Waliosalia walitunzwa na kuzalishwa Marekani, na baadhi yao wakaanza kurudishwa mwaka 2012. Hata tawi dogo kabisa, basi, lina hesabu zaidi ya moja.

Sasa mambo yamegeuka, na hapa ndipo penye hatari. Wazo la kuweka bwawa katika korongo la Stiegler ni la zamani. Mwaka 1975 liliundwa shirika la kuendeleza bonde la Rufiji, RUBADA, na wazo hilo likiwa mojawapo ya majukumu yake. Ujenzi wenyewe ulianza mwaka 2019, maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza kati ya 9 uliwashwa mwaka 2024. Bwawa la Julius Nyerere limepangwa kutoa megawati 2,115, yaani zaidi ya mara kumi ya Kidatu. Nalo liko chini ya makutano ya matawi yote matatu. Maana yake ni kwamba mzigo ambao zamani ulibebwa na Ruaha sasa umehamia Kilombero, mleta wa asilimia 62.

Lakini fikra za watu hazijahama. Mtu akitaja mto unaohitaji kulindwa kwa ajili ya umeme, wengi bado husema Ruaha. Ruaha una hifadhi mashuhuri, una viboko, una historia ya mgogoro. Kilombero hauna kelele. Bonde lake liliandikishwa mwaka 2002 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Lakini lina rutuba, lina reli ya TAZARA tangu miaka ya 1970, lina mashamba ya miwa, na tangu 2018 lina daraja kubwa pale Ifakara mahali palipokuwa na kivuko. Wakulima na wafugaji wamelijia kutoka pande zote za nchi, wakiwemo waliotoka Usangu. Haya si makosa ya mtu. Nchi inahitaji mchele, na Kariakoo inaununua. Ila kila kibali cha kuchepusha maji kinachotolewa kwenye Mpanga, Mnyera, Ruhudji au Lumemo ni hesabu inayopaswa kufanywa kabla, si baada ya miaka ishirini na viboko kuwa matopeni.

Na hesabu hiyo itafanywa kwa takwimu zipi? Zile asilimia zilizotajwa hapo juu zimetokana kwa sehemu kubwa na vipimo vilivyochukuliwa kati ya miaka ya 1950 na 1970. Baadaye vituo vingi vya kupimia mito nchini viliharibika au vikaachwa, na mfululizo wa vipimo ukakatika. Tangu mwaka 1993 kuna ofisi ya maji ya bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, na kazi ya kufufua vituo imefanyika kwa kiasi. Lakini pengo la miaka mingi halijazwi kwa kufufua kituo. Misitu imekatwa na kupandwa, mashamba yameongezeka, mvua zenyewe zimebadilika. Walimu wengi wanaofundisha asilimia 62 leo ni wadogo kuliko takwimu hiyo.

Luwegu hapa umetajwa kidogo, kwa kuwa hata vitabu huutaja kidogo. Hutoka nyanda za Ruvuma na, pamoja na Mbarang'andu, hupita katika pori ambalo sasa sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huleta maji mengi kuliko Ruaha kutoka katika bonde lisilofikia theluthi moja ya lile la Ruaha. Kwa vile watu ni wachache kando yake, huenda ndilo tawi litakalobadilika polepole zaidi. Hiyo ni sababu njema ya kulipima sasa, ili mengine yapate kitu cha kulinganishwa nacho.

Kuna pia walio chini kabisa. Warufiji walijua kilimo cha mlao, cha kupanda katika ardhi yenye unyevu mafuriko yanapokupwa, kabla ya mhandisi yeyote kufika. Walipohamishiwa vijijini mwishoni mwa miaka ya 1960 hawakuacha kurudi bondeni kulima. Kwao furiko la wastani ni baraka, na furiko kubwa, kama lile la Aprili 2024, ni msiba. Bwawa jipya linaweza kupunguza yote mawili. Udongo uliokuwa ukishuka na maji kwenda kurutubisha mashamba na kushikilia mikoko nao sasa hutua kwanza bwawani, na kamba wanaofika soko la Magogoni hukulia katika mikoko hiyo. Itachukua miaka kuona kiasi cha badiliko, na litaonekana tu kwa yule aliyeandika hali ilivyokuwa mwanzo.

Kwa hiyo mabadiliko ya namna ya kufundisha mto huu hayafai kungoja mtaala mpya. Swali la mtihani lisiwe tena "Taja matawi matatu ya Mto Rufiji". Mwanafunzi apewe maeneo ya mabonde, mvua ya kila bonde, na mtiririko wa kila tawi, na aulizwe ni wapi angeweka shamba la mpunga la hekta 1,000 ikiwa hataki kupunguza umeme, na ni nani atakayekosa maji kwa uamuzi wake. Shule zilizo kando ya mito, Ifakara, Rujewa, Iringa na Utete, zinaweza kuwa na ubao wa kupimia kina cha maji uliopigwa rangi kila sentimeta 10, usomwe kila asubuhi kabla ya kengele na kuandikwa katika daftari moja lisilobadilishwa kila muhula. Shule za Dar es Salaam hazina Rufiji wa kupima. Zina Kariakoo: zinaweza kuandika kila juma bei ya mchele wa Mbarali na wa Ifakara, kisha zibadilishane madaftari na wenzao wa bondeni, na kuona bei hupanda siku ngapi baada ya maji kushuka.